Gari haliwaki: ninunue kontroboksi?

Fundi, shikamoo. Gari langu lilipita kwenye maji Jangwani. Sasa stata inazungusha lakini haliwaki, na taa ya injini haionyeshi kabisa kwenye dashibodi. Nimeambiwa ninunue kontroboksi, yaani kompyuta ya injini. Ninunue?
Msomaji, Magomeni

Marahaba. Usinunue bado, nakuomba. Taa hiyo isipowaka ukifungua swichi, huenda boksi ni zima ila umeme haulifikii. Pimeni betri (volti 12.6 ikiwa imejaa), fyuzi, relei kuu (swichi inayolipa boksi umeme), na waya wa ethi unaoshikwa kwenye bodi ya gari, ambao maji huupenda sana. Kisha, swichi ikiwa imefunguliwa, chomoeni soketi za sensa moja moja. Sensa iliyopiga shoti huangusha volti 5 ambazo boksi huzipelekea sensa, na boksi lenyewe linaweza kuzimika. Taa ikirudi ghafla, mmempata mbaya wenu.

Yote yakiwa sawa, ndipo fungueni boksi. Moja nililolifungua lilikuwa na unga wa kijani kwenye miguu miwili ya soketi. Nililisafisha kwa spiriti na brashi, likafanya kazi.

Mkibadilisha boksi, chomoeni betri kwanza, na namba ya kibandiko ifanane hadi tarakimu ya mwisho. Ufunguo wenye chipu lazima uandikishwe upya, la sivyo injini itagoma. La zamani usimwachie mtu.