Usikubali kushika yote: kwa mhasibu anayeanza kazi

Wiki zako za kwanza kwenye ofisi ya uhasibu, kitakachokuchosha si hesabu. Hesabu ulizisoma chuoni, na sehemu kubwa siku hizi zinafanywa na mfumo. Kitakachokuchosha ni safari za jalada. Dokezo la kulipia matairi limeandikwa na idara, mkuu wa idara ameweka saini, limefika kwako ukaandaa hati ya malipo, likaenda ukaguzi wa awali likarudishwa kwa sababu risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, haisomeki, likapanda kwa mhasibu mkuu, na sasa linamsubiri Afisa Masuuli, mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, ambaye yuko Dodoma kikazi. Muuza matairi amekaa kwenye benchi la korido anakutazama kama wewe ndiye uliyekalia hela yake.

Utajiuliza kwa nini asipewe mtu mmoja mwaminifu akamaliza yote asubuhi moja. Ziko ofisi zitakazokujibu kwa kukupa unachotaka: funguo za sefu, kitabu cha hundi, daftari la fedha, na kazi ya kulinganisha taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi. Utajiona umeaminiwa, umepanda cheo kabla ya wenzako. Kaa chini ufikiri kidogo, mdogo wangu. Siku upungufu ukijitokeza, hata kama chanzo chake ni kosa la benki, hakuna mwingine wa kuulizwa, na wewe huna karatasi hata moja yenye mkono wa mtu mwingine ya kukutetea.

Vitabu vinaliita jambo hili mgawanyo wa majukumu. Ukichambua malipo yoyote utakuta ndani yake mamlaka manne: kuidhinisha, kushika mali yenyewe, kuiandika kwenye vitabu, na kulinganisha kilichoandikwa na kilichopo. Watu wengi hukariri orodha hiyo kwa ajili ya mtihani wa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, kisha wakaisahau, kwa kuwa hawakuambiwa inafanyaje kazi. Mgawanyo hauzuii mtu kuiba. Mtunza stoo anaweza kutoka na tairi leo usiku. Kinachozuiwa ni kuiba na kuficha kwa pamoja. Mwenye tairi hana daftari, kwa hiyo daftari litaendelea kusema matairi kumi wakati stoo kuna tisa, na siku ya kuhesabu mali tofauti itasimama pale pale ikimsubiri. Mwenye daftari naye anaweza kufuta tairi kwa kalamu, lakini hana ufunguo wa stoo, hivyo kufuta kwake hakumpi kitu. Mpe mmoja wao vyote viwili, na tairi litaondoka mara mbili, stoo na kitabuni, na hesabu zitalingana vizuri kabisa. Ukipewa hesabu zinazolingana, uliza kwanza nani amezilinganisha.

Kina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa wanalijua hili bila cheti cha mtu. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa wanachama watatu wanaoishi nyumba tofauti, sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne, na halifunguliwi mpaka siku ya kikao, mbele ya wote. Hela huhesabiwa kwa sauti kabla ya kufungwa, na kikao kinachofuata huanza kwa kuwauliza wanachama mara ya mwisho sanduku lilikuwa na kiasi gani. Ukaguzi umo ndani ya kikao chenyewe. Nimeona kampuni zenye kompyuta nzuri na zulia sakafuni ambazo hazijafika hapo.

Sasa nikupe kesi moja ambayo nawasihi wote wanaoanza waisome mpaka waielewe, maana kila kosa la ofisi zetu ndogo limo humo kwa ukubwa wake. Barings ilikuwa benki ya London iliyoanzishwa mwaka 1762. Mwaka 1992 ilimpeleka Singapore kijana aitwaye Nick Leeson kwenda kufanya biashara katika soko la mikataba ya bei za baadaye la huko. Biashara yenyewe ni kununua na kuuza, na hilo lilikuwa jukumu lake. Lakini akapewa pia usimamizi wa ofisi ya nyuma, ile inayoandika mauzo, kuthibitisha mikataba na kulinganisha hesabu. Aliyekuwa akinunua ndiye aliyekuwa akiandika alichonunua.

Akafungua akaunti namba 88888. Akaunti ya aina hiyo ni kitu cha kawaida, huwekwa kwa ajili ya makosa madogo madogo ya sokoni yanayosubiri kurekebishwa. Hasara zake zikaanza kwenda kulala humo, huku London ikisomewa faida. Alipohitaji fedha zaidi kuziba pengo, aliziomba makao makuu, na makao makuu yakatuma kwa kutegemea maelezo yaliyotoka kwenye ofisi yake mwenyewe. Hesabu ilikuwa inaulizwa kwa mtu aliyeitunga.

Kinachoniumiza zaidi ni mwaka 1994. Wakaguzi wa ndani wa benki walifika Singapore, wakaona kwamba mtu mmoja anasimamia mbele kwenye biashara na nyuma kwenye vitabu, na wakapendekeza kazi hizo zitenganishwe. Hoja ikaandikwa. Utekelezaji haukufanyika. Kijana alikuwa analeta faida, nani angetaka kumsumbua nyota wa timu? Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi likapiga Kobe, soko la hisa la Japani likashuka, na dau lake kubwa lilikuwa limewekwa kwa kutegemea soko litulie na kupanda. Mwishoni mwa Februari benki ikafa. Hasara ilikuwa pauni milioni 827, zaidi ya mtaji wote wa benki, na kampuni ya Uholanzi ya ING ikainunua Barings kwa pauni moja. Leeson alihukumiwa kifungo Singapore.

Wengi wakiisoma kesi hii hutoka na jina la mdanganyifu. Wewe toka na ile hoja ya ukaguzi. Ofisini kwako nako kuna hoja za ukaguzi za mwaka jana zimejibiwa "ushauri umezingatiwa" na hakuna kilichobadilika. Zitafute kwenye jalada lake mwezi wako wa kwanza. Utaijua ofisi kwa haraka kuliko kwa kusoma muundo wake ukutani.

Maana muundo wa ukutani mara nyingi ni mzuri. Kwenye karatasi kila taasisi ina watia saini wawili. Ukichungulia, unakuta mtia saini wa kwanza alisafiri akaacha hundi tupu kumi amezisaini zote, "ili kazi isikwame". Au mfumo wa benki wa kwenye mtandao umewekwa vizuri kabisa, mwandaaji wa malipo mmoja na muidhinishaji mwingine, lakini bosi hapendi kompyuta, kwa hiyo nywila yake imeandikwa kwenye karatasi ya njano chini ya kibodi ya mhasibu. Saini ni mbili, mtu ni mmoja. Kuna namna nyingine isiyoonekana upesi: wa pili ni mdogo wa wa kwanza, au amepewa ajira naye, au mkataba wake unahuishwa naye kila Desemba. Huyo anaweza kuwa na nywila yake na ufunguo wake, na bado hawezi kusema hapana. Ukitaka kujua kama sehemu ziko huru kweli, angalia nyuma: katika mwaka mzima, je, muidhinishaji amewahi kurudisha hati hata moja? Kama hajawahi, anagonga muhuri tu.

Kwenye mishahara utalikuta jambo hili likiwa wazi zaidi. Uhakiki wa serikali ya Tanzania wa mwaka 2016 uliibua zaidi ya watumishi hewa 10,000, majina yanayolipwa mshahara bila mtu kazini. Jina hewa haliingii lenyewe kwenye orodha, wala halijifungulii akaunti. Ndiyo maana anayeajiri na kuingiza majina anatakiwa awe idara ya utumishi, anayelipa awe uhasibu, na anayethibitisha kwamba mtu yupo kazini awe msimamizi wake wa kila siku. Wakikuambia umsaidie wa utumishi kuingiza majina kwa sababu amezidiwa, msaidie kubeba mafaili.

Mambo yakipanda ngazi ya nchi, swali ni lile lile. Ibara ya 143 ya Katiba ya Tanzania inampa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kazi mbili: kuhakikisha fedha zinazotoka Mfuko Mkuu wa Hazina zimeidhinishwa, na kuzikagua zikishatumika. Kenya ilikuwa hivyo hivyo, mpaka Katiba ya 2010 ilipogawa ofisi hiyo: Mdhibiti wa Bajeti kwenye Ibara ya 228, Mkaguzi Mkuu kwenye Ibara ya 229, kila mmoja kwa kipindi kimoja cha miaka minane kisichoongezwa. Kwa maoni yangu Wakenya walipatia hapo. Anayefungua bomba asiwe ndiye anayekagua baadaye kama lilifunguliwa sawasawa. Na hicho kipindi kisichoongezwa kina akili yake, kwani mtu asiyengoja kuongezewa muda hana wa kumfurahisha. Linganisha na yule mtia saini wa mkataba wa Desemba.

Nakubali kwamba kugawa kuna gharama yake. Ukigawa kupita kiasi, kila mtu anategemea kwamba mwingine ataangalia, na saini saba zinakuwa dhaifu kuliko mbili. Sijawahi kuona malipo mabaya yaliyozuiwa na mtu wa saba. Gawa pale mali inapokutana na kumbukumbu, kwingine punguza.

Sasa utaniambia ofisi yenu ina watu watatu: mkurugenzi, wewe, na katibu muhtasi. Inawezekana. Katibu apokee fedha na kukata stakabadhi, wewe uandike vitabu, na fedha ziende benki kama zilivyo bila kutumiwa njiani. Vema zaidi mlipaji alipe mwenyewe benki au kwa simu, kama serikali inavyofanya kwa namba ya malipo, taslimu zisipite mezani kabisa. Wewe uandae malipo, mkurugenzi aidhinishe kwa simu yake mwenyewe. Halafu jambo moja ambalo halina gharama: taarifa ya benki itumwe na benki moja kwa moja kwa mkurugenzi au kwa mjumbe mmoja wa bodi, aione kabla yako. Wewe ndiye uombe hivyo, kwa barua. Watashangaa kidogo. Nao ujumbe mfupi wa simu wa kila fedha inayotoka uende kwa mtu asiyeshika kifaa cha kuidhinishia.

Na nenda likizo. Benki nyingi huwalazimisha wafanyakazi wa nafasi nyeti kukaa nje ya ofisi siku mfululizo, mwingine akifanya kazi zao, kwa sababu uovu wa kuficha unahitaji mwenyewe awepo kila siku kuuhudumia. Mhasibu asiyekwenda likizo miaka mitatu husifiwa kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka. Mimi ningeanza kukagua dawati lake. Kwa upande wako, andika makabidhiano kabla ya kuondoka: masurufu (fedha walizopewa watumishi kwa ajili ya kazi) yasiyorejeshwa, hundi ambazo hazijapita benki, salio la fedha taslimu lililohesabiwa mbele ya anayekupokea. Wote wawili muweke saini, na kila mmoja abaki na nakala.

Siku ya kuambiwa "wewe andaa tu, mzee ameshakubali kwa mdomo" itafika, pengine mapema kuliko unavyodhani. Usibishane na mkubwa wako mbele ya watu. Andika dokezo fupi: "Nimeelekezwa kuandaa malipo haya kabla ya idhini ya maandishi. Naomba idhini hiyo ili niendelee." Lipeleke kwa mkono, kwa heshima zote, ulisajili masijala, ubaki na nakala. Mara nyingi idhini hutoka siku hiyo hiyo. Mara nyingine malipo yenyewe hayasikiki tena.