Betri ya Tochi Ikizeeka, Ipime kwa Saa, Usiipime kwa Volti

Nilikuwa nimelala chini ya gari usiku, mkono mmoja spana, mwingine tochi, na nati iko nusu, taa ikazimika. Betri ilikuwa imetoka kwenye chaja jioni ile ile. Nilipoichomoa na kuigusisha mita, ilisoma volti 3.7. Kwa betri ya lithiamu hiyo ni namba ya kawaida, ya betri isiyo na kasoro. Tangu siku hiyo siiamini mita peke yake.

Volti inakwambia betri imejaa kiasi gani, haikwambii ina ukubwa gani. Kibaba kikijaa kimejaa, na pishi ikijaa imejaa. Tofauti utaiona ukimimina. Betri ya 18650, yaani zile za tochi zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ikijaa inafika volti 4.2, iwe mpya au imechoka. Ukitaka kujua uwezo wake lazima uijaze, uitoe chaji kwa mkondo usiobadilika, na uhesabu.

Mimi natumia chaja yenye kipimo. Inaijaza betri, halafu inaitoa chaji taratibu mpaka volti 3 huku ikihesabu mAh (mili-ampea saa, yaani kiasi cha umeme betri inachotoa). Nimeiweka kwenye ampea 0.5 na sibadilishi, maana ukiongeza mkondo betri hiyo hiyo itakupa namba ndogo zaidi, na hapo huna cha kulinganisha na vipimo vya mwaka jana. Soma namba ya kutoa chaji, si ya kuchaji. Ile ya kuchaji inategemea betri ilikuwa imebaki na kiasi gani, na betri inayovuja kwa ndani inameza umeme ambao hutauona tena.

Nilipima betri zangu nne, zote zimeandikwa 2600 mAh. Tatu zilitoa 2310, 2275 na 2190. Ya nne, ile ya chini ya gari, ilikwisha baada ya saa 3 kasoro dakika 2: 1480 tu. Nikaijaza tena, nikaivuta kwa ampea 2. Papo hapo ikaanguka kutoka volti 4.17 hadi 3.75, wakati zile tatu hazikushuka chini ya 4.05. Huo ndio ukinzani wa ndani, yaani betri yenyewe inazuia umeme unaopita ndani yake, na ndio uliozima taa yangu. Tochi ikivuta umeme mwingi volti zinaporomoka, nayo inajizima ikidhani chaji imekwisha. Ukiichomoa betri ikapumzika, volti zinapanda tena, na mita inakudanganya.

Kama huna chaja ya namna hiyo, tumia tochi yenyewe. Jaza betri, washa mwanga wa kati na uangalie saa. Mwanga mkali haufai kwa kazi hii, kwa sababu tochi nyingi zikipata joto zinajipunguza zenyewe. Pima volti kila baada ya muda, ukifika 3 zima. Fanya hivyo hivyo kwa betri mpya ya aina ile ile, kisha linganisha dakika.

Na lebo isikutishe. Hakuna 18650 yenye 9900 mAh. Zilizo bora kabisa zinaishia karibu 4000.

Betri yangu ikishuka chini ya asilimia 80 ya uwezo ulioandikwa kwenye lebo naihamishia kwenye tochi ndogo isiyovuta sana. Ikishuka chini ya 60, naiondoa kabisa. Inayopata moto ikichajiwa, iliyochubuka ganda la nje, au iliyokutwa chini ya volti 2, usijaribu kuifufua hata kama unaionea huruma. Inaweza kuwaka moto.

Kila betri yangu sasa ina kipande cha utepe chenye tarehe na namba iliyotoa. Ile ya 1480 niliifunga utepe wa umeme kwenye ncha zote mbili, nikaipeleka kwa wanaokusanya betri chakavu.