Maswali ya Wasomaji: Tamasha la Filamu, Ukumbini au Nyumbani?

*Kabla ya korona sikukosa tamasha lolote la filamu hapa Nairobi. Ninaishi na mama yangu, mwenye umri wa miaka 71 na anayeugua kisukari. Sasa kafyu imeondolewa, marafiki wananiita ukumbini, na tamasha lenyewe linauza pia tiketi za mtandaoni. Niende? Na je, anayetazama nyumbani amehudhuria kweli?*
— Binti wa Buruburu

Dada yangu, tuanze na mama. Iwapo amechanjwa kikamilifu, hatari ya kuugua vibaya imepungua sana, ila haijaisha, na kwa mtu wa umri wake mwenye kisukari hiyo iliyobaki ni ya kuhesabiwa. Rais aliondoa kafyu tarehe 20 Oktoba 2021, lakini virusi havikuondoka siku hiyo. Vinasafiri kwa pumzi, na pumzi hukaa hewani kwa muda mrefu katika chumba kilichofungwa, na ukumbi wa sinema, kwa jinsi ulivyojengwa, hauna dirisha hata moja. Jambo moja linatusaidia: watazamaji hukaa kimya, na mtu aliyenyamaza hutoa matone machache kuliko anayeimba au anayepiga kelele. Kinachoharibu ni bisi.

Nakumbuka siku niliyorudi ukumbini kwa mara ya kwanza. Mlangoni tulipimwa joto, tukanawa mikono, na ndani kila kiti cha pili kilikuwa kimezungushiwa utepe. Yote yalikuwa sawa mpaka bwana mmoja aliyekaa ng'ambo ya ujia alipoteremsha barakoa hadi kidevuni ili ale, akaiacha hapo hadi majina ya waigizaji yalipoanza kupita kwenye skrini. Filamu ilikuwa nzuri, lakini kwa nusu saa nzima macho yangu yalikuwa kwake. Tangu hapo, kabla ya kulipa, hupiga simu ukumbini nikauliza kama mitambo ya hewa inaingiza hewa mpya kutoka nje au inaizungusha ile ile, na kama chakula kinaruhusiwa ndani. Kisha huchagua onyesho la mchana siku ya kazi, wakati viti vingi viko wazi.

Kwa hali ya nyumbani kwenu, ningeamua filamu moja moja badala ya kununua tiketi ya tamasha zima. Nenda ukumbini kwa ajili ya zile za hapa kwetu Kenya, hasa mwongozaji atakapokuwepo kujibu maswali. Fikiria *Softie*, filamu ya hali halisi ya Sam Soko kuhusu mwanaharakati Boniface Mwangi: ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance, Marekani, Januari 2020, ikapata tuzo ya uhariri, kisha korona ikazifunga kumbi, na sisi tulio na barabara zile zile zinazoonekana ndani yake tukangoja hadi Oktoba mwaka huo kuitazama katika kumbi za Nairobi. Filamu ya namna hiyo inawahitaji watu wanaoijua mitaa hiyo wakae pamoja, kwa maana kuna mahali watacheka na mahali watakapoguna ambapo mtazamaji wa mbali hatasikia chochote. Nadhani hata waandaaji wa FESPACO, tamasha kubwa la filamu za Afrika kule Ouagadougou, Burkina Faso, waliliona hilo, maana tamasha lao la Februari 2021 waliliahirisha hadi Oktoba ili watu wakutane ana kwa ana.

Filamu za kutoka mbali, ambazo pengine hazitarudi tena hapa, zitazame nyumbani bila kuona haya. Naam, umehudhuria. Mwaka 2020, tamasha la Cannes kule Ufaransa lilipofutwa, matamasha makubwa ya dunia yaliungana kuonyesha filamu bure kwenye YouTube kuanzia tarehe 29 Mei hadi 7 Juni, na mtu wa Buruburu alikaa katika safu moja na mtu wa Paris. Ila nyumbani kuna nidhamu yake. Panga saa, uitangaze kwa watu wa nyumba, uzime taa, uiache simu chumba kingine, na usisimamishe filamu kila chai inapochemka. Mketishe mama kando yako. Huo ni uhondo ambao ukumbi haukuwahi kukupa. Kuhusu bando, saa moja ya picha safi ya kiwango cha HD inaweza kula takribani gigabaiti 3, na picha ya kawaida kama 1, kwa hiyo punguza ubora mapema kabla filamu haijakwama katikati.

*Nilinunua tiketi ya tamasha la nje kwa kadi ya benki. Nilipobofya filamu, niliambiwa haionyeshwi katika nchi yangu. Rafiki anasema nitumie programu ya kuficha mahali nilipo. Ni sawa?*
— Msomaji wa Umoja

Naelewa uchungu wako, ndugu, kwa sababu fedha zimekwenda na filamu hujaiona. Hata hivyo, kizuizi hicho hakikuwekwa kwa ajili ya kuwadharau Wakenya. Haki za filamu huuzwa nchi kwa nchi, na mwenye filamu akiiachia ionekane kote, msambazaji wa Afrika Mashariki anaweza kukataa kuinunua baadaye. Kwa kutumia programu hiyo utakuwa umevunja masharti ya tiketi uliyonunua. Waandikie waandaaji leo, ukiambatisha risiti na picha ya ujumbe uliouona, uombe urejeshewe fedha. Siku nyingine tafuta kwenye ukurasa wa filamu orodha ya nchi zinazoruhusiwa kabla ya kulipa, na pia muda wa kutazama, kwani mara nyingi ukishaanza una saa 24 au 48 tu.

Nakusihi pia usigawe kiungo chako kwenye kikundi cha WhatsApp. Tiketi za mtandaoni mara nyingi huwa na idadi maalumu kama viti, na kwa mtengenezaji wa filamu wa hapa kwetu, tiketi hamsini ni fedha za kweli.

*Nina filamu fupi. Tamasha linataka kuionyesha mtandaoni tu. Nikubali?*
— Mwanafunzi wa filamu, Rongai

Kubali baada ya kuuliza itaonekana katika nchi zipi, kwa siku ngapi, kwa tiketi ngapi, na italindwaje isinakiliwe. Matamasha mengine hudai kuwa ya kwanza kuonyesha filamu, na baadhi huhesabu onyesho la mtandaoni kuwa onyesho la kwanza; kama unatamani tamasha la Zanzibar au la Durban, Afrika Kusini, soma masharti yao kwanza. Na siku filamu itakapoonyeshwa hadharani hapa Kenya, lazima iwe imeainishwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, jambo ambalo wengi hulikumbuka juma la mwisho. Majibu ya waandaaji yaingie kwenye mkataba kabla hujatuma faili.