Nyota ya Kaskazini haituhusu: kwa wanaoanza kupiga picha anga la usiku

Mafunzo mengi ya kupiga picha za nyota yanaanza kwa kukuagiza utafute Nyota ya Kaskazini. Ukiwa Dodoma utaitafuta hadi kuche, kwa sababu iko chini ya upeo na haichomozi kamwe. Walioyaandika waliandika kwa anga la kwao, Ulaya na Marekani, na anayeyafuata neno kwa neno akiwa huku huishia kudhani kamera yake ni mbovu.

Kwa kweli sisi ndio tuliopendelewa. Kitovu cha Njia Nyeupe, pale mkanda ule wa nyota unaponenepa kati ya makundi ya nyota ya Nge na Mshale, London hupanda digrii tisa au kumi tu, humo humo kwenye ukungu na taa za mji. Dodoma hufika digrii 67. Katikati ya Julai huwa juu kabisa karibu saa tano usiku, na katikati ya Agosti karibu saa tatu, wakati ambao hata mwenye kazi asubuhi anaweza kutoka. Bahati nyingine ni kwamba hicho ndicho kiangazi cha Dodoma na Singida. Arusha na Moshi usizitegemee Juni na Julai, maana baridi yao huja na mawingu yaliyolala. Kuanzia Agosti kuna moshi wa mashamba na nyasi zinazochomwa, kwa hiyo lenga juu, achana na upeo.

Mwezi ukiwa mpevu, lala. Mwenye kufuata tarehe za Kiislamu hahitaji programu yoyote: kuanzia mwezi 26 hadi mwezi tatu mwandamo, usiku wa maana ni wako. Ila walioko Mwanza, Musoma na Bukoba wajue kuwa giza hilo hilo ndilo wanalolisubiri wavuvi wa dagaa, kwani mbalamwezi ikiwaka taa zao hazivuti samaki. Ziwa linawaka kama mji. Wapo wanaolalamika, mimi naona taa zile chini ya Njia Nyeupe ni picha ambayo mtu wa Ulaya hawezi kuipata kwao.

Kuhusu vifaa sina mengi. Kamera yoyote inayokuruhusu kupanga mwenyewe muda, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na fokasi inatosha, na simu yenye hali ya Pro inafaa kwa kuanzia. Pesa ya kwanza iende kwenye stendi isiyotikisika. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Alama ya mbali kabisa iliyo kwenye lenzi usiiamini. Kuza nyota kali kwenye kioo cha kamera, zungusha pete ya fokasi taratibu mpaka iwe nukta ndogo kuliko zote, kisha bandika selotepu ili pete isisogee.

Sasa muda wa kuacha lenzi wazi. Utasikia kanuni ya 500: gawa 500 kwa urefu wa lenzi (zile milimita zilizoandikwa juu yake), upate sekunde, na kwa kamera zenye kihisi kidogo, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, zidisha kwanza urefu huo kwa 1.5. Kwenye kamera hizo lenzi ya milimita 18 inakupa kama sekunde 18. Ni makadirio tu, na kwetu yana walakini wake. Nyota zilizo kwenye ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, ndizo zinazokimbia kuliko zote, na ikweta hiyo kwetu inapita karibu na utosi. Kwa hiyo ukilenga kundi la Jabari (Orion) shuka hadi sekunde kumi na kitu, la sivyo nyota zitakuwa vijistari. Ukigeukia Msalaba wa Kusini, nyota za huko husogea kwa nusu ya kasi hiyo, na sekunde 20 au zaidi zinavumilika.

Picha moja itakuwa na chenga, vile vidoa vidogo vya rangi vinavyotapakaa gizani. Usipambane nazo kwa kuvutavuta rangi. Piga picha nyingi zinazofanana, uziunganishe kwa Siril au DeepSkyStacker, programu za bure: picha 16 hupunguza chenga hadi robo, 64 hadi sehemu moja ya nane. Kabla hujafungasha, funika lenzi upige nyingine chache kwa muda na ISO ile ile. Programu itazitumia kufuta madoa ya kihisi.

Ukishanogewa utataka mashine ya kufuata nyota, inayoizungusha kamera pamoja na anga, na hapo ndipo wengi hukwama. Mhimili wake uelekee ncha ya anga ya kusini, pale nyota zinapoonekana kupazunguka, ambayo Dodoma iko digrii sita tu juu ya ardhi, nyuma ya miti na vumbi, na nyota iliyo karibu nayo ni hafifu mno. Kabla ya kununua, uliza kama mashine inaweza kulazwa hadi digrii hizo. Nyingine hazishuki, nyingine uzito wake wa kusawazisha hugonga mguu wa stendi. Weka digrii kwa kipimo cha simu, elekeza kusini kwa dira, kisha angalia nyota iliyo karibu na utosi kwa dakika tano. Ikitambaa kaskazini au kusini, mhimili umekosea upande wa mashariki au magharibi: gusa skrubu kidogo, uangalie tena. Halafu rudia kwa nyota iliyo chini mashariki, hiyo itakuonyesha kosa la kimo. Kazi hii inachosha, lakini haihitaji nyota yoyote ya ncha.

La mwisho ni la watu. Mtu aliyesimama shambani saa saba usiku, kimya, na taa nyekundu kichwani, kijijini ana jina lake, na si mpiga picha. Fika kabla jua halijazama, umwone mwenyekiti wa kijiji, umwonyeshe kwenye simu picha unazotafuta. Wengine watataka uwapige wao kwanza. Wapige.