Maswali ya nyumbani: Mashine ya maji moto ya gesi inapokataa kuwaka

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu ile mashine ya gesi inayotundikwa ukutani na kupasha maji yanapopita.

SWALI: Mchana tunatumia maji ya tangi la juu ya paa. Nikifungua robine ya dushi, mashine haiwaki, hata mlio wa cheche sisikii. Usiku maji ya bomba yakija kwa nguvu, inawaka bila shida. Fundi wa kwanza alibadilisha betri. Wa pili anataka nimpe dola anunue "ubongo" mpya. Nimpe? *Papa wa Nguba, Bukavu*

JIBU: Usimpe, Papa. Mashine inayowaka usiku na kukataa mchana ina ubongo mzima, yaani kile kisanduku cha umeme kinachoiongoza. Kinachobadilika hapo ni maji tu.

Mashine nyingi za betri zina kiwambo cha mpira pale maji baridi yanapoingilia. Maji yakipita kwa nguvu, kiwambo kinasukuma kijiti cha chuma, kijiti kinaachilia swichi ndogo, na swichi ndiyo inayoamuru cheche zipige na vali ya gesi ifunguke. Nguvu isipotosha, kijiti hakisogei na mashine inakaa kimya. Shika tofauti hii, maana mafundi wengi wanairuka: mashine inayopiga cheche bila kushika moto, tafuta kwenye gesi, inayowaka kisha ikazimika, tafuta kwenye hewa au kwenye kihisi cha moto (kinachofunga gesi moto usipoonekana), iliyonyamaza kabisa, anza na maji, kisha betri, kisha swichi.

Weka ndoo ya lita 10 chini ya dushi, fungua robine ya moto peke yake, tazama saa. Mashine ndogo nyingi huamka maji yakifika kama lita 2.5 kwa dakika. Ndoo ikichukua zaidi ya dakika 4 kujaa, umeshapata jibu.

Halafu pima urefu. Mita 10 za maji kwenda juu zinatoa presha ya baa 1. Tangi la paa la nyumba isiyo na ghorofa hukaa mita 2 au 3 juu ya kichwa cha dushi, yaani baa 0.2 au 0.3, na hapo mashine nyingi ziko ukingoni. Soma kibati cha ubavuni: kikiandikwa presha ya chini 0.02 MPa, hiyo ni baa 0.2. Urefu wa bomba kwenda kando hauongezi kitu, kinachohesabika ni wima. Bukavu mna bahati ya vilima: kama kiwanja chako kinapanda nyuma ya nyumba, kuhamishia tangi mita 5 juu zaidi kunaweza kukuokolea bei ya pampu, na tangi halingoji umeme.

Kabla ya kuhamisha chochote, safisha. Funga maji na gesi, legeza nati ya bomba la maji baridi chini ya mashine, utakuta kichujio kidogo cha wavu. Baada ya mvua kubwa huziba udongo na kutu. Kisugue kwa mswaki. Kichwa cha dushi nacho king'oe, ujaribu bila hicho: mashine ikiwaka, matundu yake yameziba, kiloweke kwenye siki usiku kucha.

Ndoo ikijaa haraka na kimya kikaendelea, pima betri. Ni mbili kubwa za volti 1.5, moja ikishuka chini ya 1.2, badilisha zote mbili, na ukwangue kutu kwenye vishikio. Cha mwisho ndicho kiwambo. Mpira ukipasuka au ukikakamaa hausukumi tena. Nenda dukani na kile cha zamani mkononi, kwa sababu vipenyo havilingani.

SWALI: Mashine yetu iko ndani ya bafu. Inawaka dakika chache kisha inazimika. Moto wake ni wa njano na ukuta umekuwa mweusi. Binti yangu alitoka dushi akilalamika kichwa na kizunguzungu. Fundi anasema ataunganisha nyaya mbili za kihisi ili isizimike tena. *Mama wa Himbi, Goma*

JIBU: Mama, funga mtungi leo, na huyo fundi asiguse nyaya hizo. Kihisi anachotaka kukifunga mdomo huenda ndicho kilichomtoa binti yako salama.

Moto wa njano na masizi maana yake gesi haipati hewa ya kutosha, na gesi isiyoungua vizuri hutoa monoksidi ya kaboni. Haina harufu wala rangi. Watu wa Goma wanaijua mazuku, ile hewa ya volkano inayolala mabondeni na kuua mbuzi. Msiichanganye na hii. Mazuku ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Monoksidi ya kaboni ina uzito karibu sawa na hewa, inaenea chumba kizima, kwa hiyo kusimama wima hakukukingi. Mtu akishikwa na kichwa, kichefuchefu au miguu ikalegea, mtoeni nje kwanza, fungeni gesi, mumpeleke hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Mashine ihame bafuni. Mahali pake ni ukuta wa nje chini ya kibaraza, au chumba chenye matundu ya hewa chini na juu na bomba la moshi linalotoka hadi nje. Bomba liwe na kipenyo kilekile cha mdomo wa mashine, lisipunguzwe, lipande wima kwanza kabla ya kukunja kona, na lisiishie kwenye dari. Tazama ndani yake pia: buibui na ndege hupenda kujenga humo.

Kisha isafishwe. Gesi ikiwa imefungwa na mashine imepoa, fundi ashushe kichomeo, apige brashi kwenye mapezi ya kipashio cha shaba juu yake, na azibue midomo ya kuingizia hewa. Ncha ya kihisi cha moto isuguliwe kidogo kwa msasa laini. Kuna jambo jingine: Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Mashine iliyopangwa kwa pwani inaweza kupata gesi nyingi kuliko hewa. Moto ukibaki njano baada ya usafi, vitundu vya gesi vibadilishwe kwa saizi ya mwinuko huu. Visitobolewe kwa msumari wala kuzibwa kwa waya.

Mwisho fundi apake maji ya sabuni kwenye kila kiungo alichofungua. Povu likipanda, hajamaliza kazi.

SWALI: Asubuhi za mwezi wa sita maji yanaanza moto, baada ya dakika kumi yanakuwa vuguvugu. Mtungi wa kilo 6 unatoa jasho na kuwa baridi sana, lakini bado una gesi. *Kijana wa Kampemba, Lubumbashi*

JIBU: Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, na inahitaji joto ili igeuke mvuke. Mashine ya lita 10 kwa dakika inachoma karibu kilo 1.5 kwa saa. Mtungi mdogo kwenye baridi ya Lubumbashi hauwahi kutoa kiasi hicho, unapoa na presha inashuka. Tumia mtungi wa kilo 12 au zaidi, na usome kichwa cha mtungi, detandere: kiandikwe angalau kilo 1.5 kwa saa, vya jiko vingi ni vidogo. Kwa sasa punguza maji na moto kidogo. Mbabula, lile jiko la makaa, usiuweke kamwe karibu na mtungi ili kuupasha.

SWALI: Betri zangu haziishi mwezi. Kwa nini? *Msomaji wa Katindo, Goma*

JIBU: Funga robine zote, tega sikio. Ukisikia cheche, kijiti cha swichi kimenasa au robine ya moto inavuja mahali. Funga gesi, safisha kijiti, kipake grisi kidogo ya silikoni, badilisha mpira wa robine.