Mradi umekwama, au umekwamishwa?

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Katika habari za siasa za Kiingereza nakutana mara kwa mara na kitenzi stymie. Maana yake ni nini na kimetoka wapi? Mimi nimekitafsiri kwa kukwama: 'Muswada ulikwama kwenye kamati.' Je, niko sawa?"

Hutamkwa "staimi", na kimetoka kwenye gofu ya Uskoti. Zamani, mpira wa mpinzani ukisimama kati ya mpira wako na shimo, hukuruhusiwa kudai uondolewe, isipokuwa kama mipira hiyo miwili ilikaribiana kwa chini ya inchi 6. Hali hiyo ya kuzibiwa njia ndiyo iliyoitwa stymie: ilikubidi uuzungushe wako kando au uurushe juu ya ule wa mwenzio. Mwaka 1930 huko St Andrews, Mmarekani Bobby Jones alimtoa Mwingereza Cyril Tolley katika shimo la nyongeza, mpira wake ukiwa umemzibia njia hivyo, kisha akaendelea hadi kutwaa ubingwa. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 1952, lakini neno lilikuwa limekwishatoka viwanjani na kuingia kwenye siasa na biashara. Wapo wanaolihusisha na neno la Kiskoti styme, linalotumika kusema kwamba mtu haoni hata chembe.

Zingatia hili: mpira ule ulioziba njia ulikuwa na mwenyewe. Ndiyo maana tafsiri yako haifai, ndugu yangu. Kamati iliukwamisha muswada. Muswada haukukwama wenyewe.

Kosa hili si lako peke yako, na linaniudhi kwa miaka mingi sasa. Fungua gazeti lolote, sikiliza taarifa yoyote ya habari: mradi wa maji umekwama, ujenzi wa zahanati umekwama, malipo ya wakulima yamekwama. Kukwama ni kitenzi cha hali. Kiko katika ukoo wa simama, inama na lowama, vitenzi vinavyoeleza jinsi kitu kilivyo bila kusema nani amekifanya kiwe hivyo. Kina mahali pake halali. Kabla ya lami kukamilika katika barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, masika yakianza mabasi yalikwama matopeni, abiria wakashuka kusukuma. Basi lile lilikwama kweli. Mwiba wa samaki hukwama kooni. Mvua na mwiba havina wa kuulizwa.

Mradi wa maji si basi la masika. Mradi una mkataba, una mkandarasi, una ofisa wa kutia saini, una fedha zinazotoka mahali kwenda mahali. Mabomba yakilala kwenye nyasi mwaka mzima, kuna mtu hakulipa, au alilipwa na hakufanya kazi, au alikalia faili. Msemaji akisimama mbele ya wanakijiji na kutamka kwamba "mradi umekwama kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu", amemtoa mtu huyo ndani ya sentensi na kumfungulia mlango wa nyuma. Mama anayebeba ndoo kichwani anabaki hana hata jina la kumuuliza.

Tazama jinsi sarufi yenyewe inavyokataa. Jaribu kumtaja mhusika kwa kitenzi hicho: "Mradi umekwama na mkandarasi." Umesema nini? Umesema vyote viwili vimekwama, mradi na mkandarasi wake, tuwaonee huruma! Badilisha kitenzi: "Mradi umekwamishwa na mkandarasi." Sasa "na" imemwelekeza msikilizaji kwa mtendaji, na mkutano una la kujadili. Silabi moja tu imeongezeka.

Ugonjwa ni huohuo katika "fedha zimepotea", wakati ziliibwa, na "vifaa vimeharibika", wakati viliachwa mvuani. Kiswahili kinatofautisha vunjika na vunjwa waziwazi kuliko lugha nyingi, na mtoto wa miaka mitano anaijua tofauti hiyo: ukimuuliza kuhusu kikombe atakujibu "kimevunjika", hata siku moja hatasema "nimekivunja". Mtoto tunamsamehe. Ofisa wa umma simsamehi.

Kuzuia nako hakutoshi kwa stymie. Askari huzuia gari hata kabla halijaondoka. Kukwamisha ni kusimamisha jambo ambalo lilikwishaanza na pengine lilikuwa karibu kufika, kama mpira ule karibu na shimo. Vijana wa Dar es Salaam wana neno linalolingana nalo vizuri zaidi kuliko yote: kauzibe, yule anayeziba njia ya mwenzake. Kwenye ripoti rasmi usiliandike, lakini ukiwa unatafsiri mazungumzo, litumie bila woga. Na aliyetiwa mchanga kwenye kitumbua chake anajua vilevile kwamba mchanga haukuingia wenyewe.

Wahariri huniambia kwamba "umekwama" ni fupi na kichwa cha habari kina nafasi finyu. Haya, kwenye kichwa nawaachia. Ila katika aya ya kwanza atajwe aliyekwamisha. Mwandishi akiwa hajampata, aandike kwamba ameuliza ofisi fulani na hakujibiwa.