Mkono mmoja mfukoni: maswali yenu kuhusu redio za valvu

Maswali yaliyonifikia safari hii karibu yote yanaanzia mahali pamoja: mtu amekuta redio kuukuu ya ridhaa (ya watu wanaowasiliana hewani kwa kupenda, si kwa biashara), ya kupokea na kurusha, yenye valvu ndani, yaani zile chupa za kioo zinazokuza umeme, na anataka iseme tena. Nimeyafupisha, maana yake nimeiacha kama ilivyo.

Shikamoo fundi. Babu yangu alifanya kazi misheni huko Usambara. Ameacha redio ya Heathkit HW-101 pamoja na sanduku lake la umeme. Haijawashwa tangu miaka ya tisini. Nimeipangusa vumbi, nataka kuichomeka. Kuna la kuangalia kwanza? (Tanga)

Marahaba mwanangu. Usiichomeke. Kapasita (vifaa vya kuhifadhi umeme) kubwa za kuchuja umeme zilizo kwenye hilo sanduku zina majimaji ya kemikali, na zikikaa miaka bila volti, ule utando mwembamba wa ndani unaozuia umeme hudhoofika. Ukizipa volti zote kwa mkupuo zinapitisha umeme kama waya, zinachemka, nyingine hupasuka. Kupasuka kwake ni nafuu. Balaa ni zikiondoka na transfoma, kwa sababu transfoma ile huikuti dukani.

Jambo la pili. HW-101 ilianza kuuzwa mwaka 1970 ikiwa vipande: mnunuzi alipokea boksi la vifaa na kitabu kinene kutoka Benton Harbor, Michigan, akakaa mezani akalehemu mwenyewe. Kwa hiyo ubora wa redio yako ni ubora wa mkono wa aliyeiunga, labda babu mwenyewe. Ifungue, chukua tochi na kioo cha kukuzia, pitia kila kiungo. Lehemu nzuri imetambaa juu ya waya ikashikana nao. Mbaya imejikunja kama tone la nta, rangi ya majivu. Niliwahi kufungua moja nikakuta mguu wa rezista (kipande kinachopunguza umeme) umezungushwa vizuri kwenye ncha yake, ila lehemu haikuwekwa kabisa. Msokoto ule peke yake ulibeba umeme miaka na miaka, hadi kutu ilipopenya katikati.

Sasa mpango wenyewe. Badilisha kapasita za sanduku la umeme zote. Mpya ni ndogo kwa umbo, nafasi haitakusumbua, ila usikubali volti pungufu ya zilizoandikwa. Kisha tengeneza taa ya kinga: holda ya balbu iliyofungwa kwenye waya mmoja wa umeme unaoingia, ili umeme wote upitie kwenye balbu kabla ya kufika kwenye mashine. Balbu iwe ya uzi, wati 60 au 100. Ya LED haifai kwa kazi hii. Kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na transfoma inapona. Kukiwa salama, inamulika mara moja kisha inafifia.

Pima sanduku peke yake kwanza, kabla ya kuliunganisha na redio. Unatafuta umeme mkali wa karibu volti 800, mwingine wa karibu 300, na ule wa hasi unaozidi 100. Huo wa hasi ndio mlinzi wa valvu mbili za mwisho, za kurushia, zile 6146. Ukikosekana, valvu zinavuta umeme bila breki na anodi zake (mabati ya ndani yanayopokea umeme) zinakuwa nyekundu kama kaa la mkaa. Ukiona wekundu huo zima papo hapo, usisubiri kujiuliza. Mambo yakiwa sawa, unganisha redio, na bila kurusha sauti yoyote weka umeme wa valvu hizo kwenye miliampia 50 kwenye mita yake, kama kitabu kinavyoagiza.

Mume wangu anatengeneza redio hizi sebuleni, na tuna watoto wadogo. Ananiambia akishachomoa plagi hakuna hatari tena. Ni kweli? (Mombasa)

Si kweli, dada yangu, na nakushukuru kwa kuuliza. Kapasita hubaki zimejaa baada ya plagi kuchomolewa. Kuna rezista iliyowekwa kuzimwaga taratibu, lakini rezista nayo huzeeka na kukatika bila kutoa dalili yoyote. Volti 800 hazitoi onyo la pili.

Mwambie atengeneze fimbo ya kumwagia umeme. Ni kipande cha bomba la plastiki cha urefu wa mkono. Nchani kuna rezista ya waya ya omu 1,000, wati 10, na kutoka kwenye rezista waya laini unaobanwa kwenye chesisi, yaani fremu ya chuma ya redio. Akishachomoa, abane waya, aguse kila kapasita kwa ncha ya fimbo, ahesabu hadi kumi. Halafu apime kwa mita, na nyaya za mita ziwe za kuhimili volti 1,000, maana zile za bei chee nyingi zimeandikwa 600 au haziandikwi kitu. Mita ikisoma sifuri ndipo mkono uingie, na uingie mmoja. Wa pili ukae mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Mafundi waliotutangulia walifundishana hivyo, na mimi sijapata kanuni bora zaidi.

Kuhusu watoto sina maneno ya kulainisha: sebule si mahali pake. Apate chumba chenye kitasa na ufunguo, na swichi moja kubwa inayozima meza nzima, ambayo wewe pia unajua ilipo. Na asifanye kazi hiyo peke yake usiku ninyi mmelala.

Nimezunguka Luthuli Avenue yote natafuta 6146, nimekosa. Nikipata 6146B naweza kuiweka? (Nairobi)

Luthuli ni pazuri kwa kapasita, rezista na waya. Valvu za kurushia utazipata kwa wenye redio za ridhaa wenzako au kwa kuagiza nje.

6146B inavumilia joto zaidi, na kwenye mashine nyingi inakaa vizuri. Tatizo ni kwamba ndani yake haikufanana kabisa na 6146 ya awali. Katika valvu yoyote ya namna hii, sehemu ya nguvu inayotoka kwenye anodi hurudi kimyakimya kwenye gridi (wavu wa ndani unaoongoza umeme wa valvu), na ikirudi ya kutosha valvu inaanza kupiga kelele yenyewe bila kuamrishwa. Ndiyo maana kuna kapasita ndogo ya kusawazisha, inayorudisha kiasi kilekile kwa upande wa kinyume. Ukibadilisha valvu lazima uiguse tena hiyo. Kipimo chake ni rahisi: zungusha kitufe cha anodi, na pale umeme wa anodi unapofika chini kabisa ndipo nguvu inayotoka inapaswa kuwa juu kabisa. Vikitokea mahali tofauti, bado hujasawazisha. Weka pea ya aina moja na umri mmoja.

Valvu ndogo ni rahisi kuzipata kama unajua majina yake mawili. 12AT7 ya Wamarekani ndiyo ECC81 ya Ulaya. 6BA6 ni EF93. 6AU6 ni EF94. Tarakimu ya mwanzo ya Wamarekani hukuambia volti za hita, uzi unaoipasha valvu joto: 6 ni 6.3, 12 ni 12.6. Kabla hujatoa hela itazame kioo: lile doa linalong'aa kama fedha likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa.

Valvu yangu inatoa mwanga wa bluu. Imeharibika? (Morogoro)

Bluu inayoshikamana na kioo, na kuchezacheza sauti ikipanda, haina neno. Wingu la zambarau au waridi katikati, baina ya kathodi (sehemu inayotoa umeme) na anodi, ni gesi, hiyo itoe. Zile za zebaki kama 866A ni tofauti: bluu ndiyo kazi yake, na hita yake ipashwe moto angalau sekunde 30 kabla ya kupewa umeme mkali.

Redio inanguruma mfululizo, hata sauti nikiishusha hadi mwisho. (Mwanza)

Sikiliza ule mngurumo una sauti gani. Umeme wetu ni wa hezi 50. Mngurumo mnene kabisa, wa chini, ni hezi 50, na mara nyingi maana yake hita inavujisha umeme kwenye kathodi ya valvu moja, au waya wa ardhi umelegea. Ukiwa mwembamba kidogo na wenye mkwaruzo, hiyo ni hezi 100, na hizo zinatoka kwenye kapasita za kuchuja zilizochoka. Na kwa kuwa unanguruma hata sauti ikiwa chini, tatizo liko baada ya kitufe cha sauti au kwenye umeme wenyewe. Anza na kapasita.

Ukiwa humo ndani, badilisha pia kapasita za karatasi na nta, hasa ile inayounganisha anodi ya valvu moja na gridi ya inayofuata. Ikivuja, gridi inapata volti chanya na valvu inajiunguza taratibu huku redio ikiendelea kuimba. Weka ya polyester ya volti 630.

Assalamu alaikum. Nimenunua risiva (redio ya kupokea tu) ya Hallicrafters kutoka Marekani, ya volti 117. Hapa Muscat umeme ni 240. Nimepata transfoma ndogo ya kushushia dukani. Inatosha? (Oman)

Wa alaikum salaam. Uko katika nchi yenye historia na jambo hili. Marehemu Sultan Qaboos mwenyewe alikuwa na alama ya wito (jina la hewani) ya redio ya ridhaa, A41AA.

Transfoma hizo za dukani nyingi zina koili moja tu iliyopasuliwa katikati, kwa hiyo zinashusha volti lakini hazikutengi na umeme wa ukutani. Kwa risiva yenye transfoma yake ndani si hoja. Lakini kama yako ni ya aina ya S-38, haina transfoma kabisa: chesisi yake ya chuma imeungwa na upande mmoja wa umeme, na plagi ikigeuzwa unakuwa umeshika umeme wa ukutani kwa vidole. Hiyo itafutie transfoma ya kutenganisha, yenye koili mbili zisizogusana. Kisha kumbuka kuwa kwao umeme ni wa hezi 60. Kwenye hezi 50 chuma cha transfoma kinafanya kazi ngumu zaidi na kupata joto. Ipe 110 badala ya 117, hita hazitalalamika.

Kwenye makaratasi ya marehemu baba nimekuta kadi ya posta yenye herufi kubwa VQ3 na tarakimu za ajabu. Ni nini? (Arusha)

Itunze, kaka. Ni kadi ya kuthibitisha mawasiliano. Watu wawili wakizungumza hewani walitumiana. VQ3 ilikuwa alama ya Tanganyika kabla ya uhuru, VQ4 Kenya, VQ5 Uganda, VQ1 Zanzibar. Siku hizi Tanzania ni 5H, Kenya 5Z na Uganda 5X. Tarakimu ni saa, masafa, na jinsi sauti ilivyosikika.

Sina leseni bado. Naweza kuijaribu transmita (mashine ya kurushia) niliyoitengeneza? (Kampala)

Hewani hapana, subiri leseni ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako. Ndani ya chumba ndiyo, kwa mzigo bandia, yaani rezista zinazomeza nguvu badala ya antena. Chukua rezista 20 za kaboni za omu 1,000, wati 3, ziunge zote sambamba baina ya vipande viwili vya bati: unapata omu 50 na wati 60. Usitumie za waya, hizo ni koili na zitakudanganya.

Mimi ni mwanafunzi, sina redio ya kurithi. Nataka kuunga ya valvu kwa mikono yangu, lakini volti mia nane zinanitisha. (Dar es Salaam)

Woga huo ni wa haki, na huzihitaji hizo volti. Tafuta valvu moja ya 1T4, ambayo Ulaya huitwa DF91. Ilitengenezwa kwa redio za betri. Hita yake inataka volti 1.4 na miliampia 50, yaani betri moja kubwa ya tochi. Anodi inaridhika na volti 45, nazo ni betri tano za volti 9 zilizopangwa mstari mmoja, zinazouzwa kila duka. Angalia tu volti 45 zisiguse miguu ya hita, hata kwa bahati mbaya; uzi wake ni mwembamba kuliko unywele.

Utakachounga ni risiva ya kurudisha, aliyoibuni Edwin Armstrong mwaka 1912 akiwa mwanafunzi wa Columbia, New York. Mawimbi yakishakuzwa na valvu, kiasi kidogo kinarudishwa mwanzo kikuzwe tena na tena. Ndiyo maana valvu moja inafanya kazi ya kadhaa. Kwa megahezi 7, sokota mizunguko 16 ya waya kwenye bomba la plastiki la milimita 25, na kando yake mizunguko 5 ya koili ya kurudisha. Kapasita ya kuzungusha ya pikofaradi 100 inatosha. Redio mbovu iliyotupwa itakupa. Mafundi wa zamani waliunga hivi juu ya ubao wa jikoni, kila kitu kikionekana, nami nakushauri ufanye vivyo hivyo.

Ukimaliza na kukawa kimya, usivunjike moyo: geuza nyaya mbili za koili ndogo, huenda inarudisha kwa upande usio wake. Tundika waya wa mita kumi hadi kwenye mti, subiri giza liingie, na zungusha kitufe cha kurudisha polepole sana. Utasikia mvumo ukipanda, kisha mlio mdogo, "pluk". Rudi nyuma kidogo, hapo ndipo vituo vya matangazo vinasikika. Vuka kidogo tu baada ya mlio, ukae chini ya megahezi 7.2, na Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu, itaanza kulia kama filimbi, kutoka kwa mtu aliyekaa kwenye meza yake kama wewe.